Oktoba wanafunzi wanapukutika: pa kuanzia kabla ya kushika fimbo

Mwalimu, nimesoma swali lako pamoja na majibu yaliyotangulia. Kwa ambao hawakuliona: mwenzetu yuko sekondari ya kata huko Kaliua, mkoani Tabora, ni mwalimu wa darasa la Kidato cha Pili na anafundisha Biolojia Kidato cha Nne. Tangu mtihani wa utimilifu, yaani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, darasa limepwaya, waliopo wanasinzia, binti mmoja analia kila akirudishiwa karatasi, na kijana mmoja wa Kidato cha Nne amesema haoni sababu ya kuendelea. Ofisini anashauriwa aongeze viboko. Anauliza afanye nini kwa wiki chache zilizobaki.

Huyo kijana usimwache mpaka Jumatatu, mengine yote yanasubiri. Mtoto akisema haoni sababu ya kuendelea, inabidi ujue anazungumzia shule au anazungumzia uhai wake, na njia ya kujua ni kumuuliza bila kuzunguka: "Unaposema huoni sababu, umewahi kufikiria kujidhuru?" Wengi tunaogopa kwamba tukiuliza tutampandikizia wazo. Sivyo, swali hilo humpa nafasi ya kusema alichokuwa anakibeba peke yake. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake hata nusu saa. Siku hiyo hiyo mweleze mkuu wa shule, mtafuteni ndugu anayemwamini, mfikisheni kituo cha afya. Na kwa kuwa huko kwenu karibu kila kaya inalima tumbaku, ndugu huyo aambiwe waziwazi azitoe ndani dawa za kuua wadudu na azifungie mahali ambapo kijana hafiki. Akijibu kwamba ni shule tu imemchosha, mshukuru kwa kukuambia, halafu endelea naye kama nitakavyoeleza kwenye masomo.

Kwa darasa zima anzia kwenye daftari la mahudhurio, ila usilisome kwa jumla. Jumla inakuambia fulani amekosa siku sita, haikuambii kitu kingine. Chukua karatasi moja, chora wiki nne zilizopita, siku ishirini, majina pembeni, kisha soma kwa kushuka chini, siku kwa siku. Wanaokosa Jumatatu mara nyingi ni wale waliopanga mageto, yaani vyumba vya kupanga karibu na shule: Ijumaa wametembea kwenda nyumbani kufuata unga na maharage, kurudi ni Jumatatu mchana. Wanaokosa vipindi viwili vya kwanza kila siku wako kwenye vitalu, kwa sababu Septemba na Oktoba miche ya tumbaku inataka maji asubuhi na jioni, na wa kubeba ndoo ni wao. Wanaokosa siku ya mnada wanauza kitu. Binti anayekosa siku mbili tatu mfululizo, akarudi, halafu mwezi unaofuata ikawa vilevile, huyo usimwite mtoro. Na aliyekosa siku tano mfululizo bila taarifa afuatwe nyumbani wiki hiyo hiyo, maana wengine hapo wameshapelekwa kwa ndugu wilaya nyingine, au mahari inazungumzwa.

Kosa la kawaida ni kuita majina kipindi cha kwanza tu. Mtoto anaitika, ikifika mapumziko ya saa nne anatoweka, na daftari linaonyesha yupo. Kwa wiki mbili ita tena baada ya mapumziko, kwa karatasi ya pembeni. Utashangaa sura ya darasa lako ilivyo tofauti.

Ukishaona mpangilio, zungumza na mmoja mmoja, dakika kumi zinatosha. Mkae mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii, chini ya mwembe wa uwanjani kwa mfano, msijifungie ofisini. Hii inamlinda mtoto na inakulinda wewe. Anza na ulichokiona. "Kwa nini wewe mtoro?" inafunga mdomo. "Nimeona Jumatatu tatu hukuwepo. Kwani Jumapili jioni nyumbani kunakuwaje?" inafungua. Kisha nyamaza. Ukimya wa nusu dakika unamchosha mwalimu kuliko mwanafunzi, na jibu la kweli huja baada ya hapo. Usiahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Sema: "Nitalitunza, ila likiwa ni jambo la kukuumiza nitamwambia mtu anayeweza kutusaidia, na nitakutaarifu kwanza." Akikueleza kwamba anaingiliwa au anapigwa nyumbani, andika maneno yake kama alivyoyasema, weka tarehe, usimhoji tena na tena, usimwite anayetuhumiwa mkayamalize. Linakwenda kwa mkuu wa shule, afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure, iandike ubaoni kila darasa na isifutwe.

Kuhusu mabinti na hedhi, matroni awe na boksi lenye pedi, sabuni, kanga na sketi ya akiba moja au mbili. Ufunguo wawe nao watu wawili, matroni na mwanafunzi mkubwa anayeaminika, kwa sababu siku matroni akienda semina boksi linakuwa halina maana. Pasiwe na kitabu cha kusaini majina. Nimeona mahali kitabu hicho kikisababisha pedi zisichukuliwe kabisa. Na choo kiwe na maji. Kama hakina, ndoo moja yenye kopo iwekwe na zamu ya usafi ihakikishe imejaa kabla ya kengele ya asubuhi.

Wazazi. Usiitishe mkutano wa wazazi mvua zikishaanza, hawatakuja, na si kwa dharau. Ni wakati wa matuta na wa kuhamisha miche. Isitoshe, kwa wazazi wengi mkutano wa shule maana yake ni michango, na Oktoba fedha ya tumbaku ya msimu uliopita imeshakwisha. Piga simu jioni au pita nyumbani. Ukiingia na salamu ya kwao kwa heshima, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Usizungumze habari ya fedha hata kidogo. Omba kitu kimoja kinachopimika. "Mzee, shikamoo. Kijana wetu ana pepa siku hizi hapa. Naomba siku hizo tu na siku moja kabla ya kila pepa asiguse ndoo." Mpe tarehe zimeandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwenye nusu karatasi ya kubandika ukutani. Mzazi anayeombwa siku kumi na mbili zinazojulikana hukubali. Anayeambiwa "mpe mtoto muda wa kusoma" huitikia tu, kesho mtoto yuko kitaluni.

Sasa masomo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu upendo kwa mwanafunzi wa Oktoba unaonekana zaidi kwenye namna unavyomsahihishia kazi yake.

Usikimbize mada zilizobaki. Mwalimu anayemaliza silabasi tarehe za mwisho kwa kuandika ubao mzima kila kipindi anajiridhisha yeye. Panga mada zilizobaki, fundisha zile zinazojitokeza mara kwa mara kwenye mitihani ya nyuma, zinazobaki wape muhtasari wa ukurasa mmoja. Halafu kaa na kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne mpige hesabu pamoja, maana wengi hawajui hesabu yenyewe inavyokwenda. D inaanzia alama 30, C inaanzia 45, B 65, A 75. A ni pointi moja, F ni tano, na zinahesabiwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Daraja la nne linaishia pointi 33. Maana yake mwenye D mbili na F tano amefika hapo hapo 33, hajapata sifuri, na mwenye C moja na F sita vilevile. Huyo kijana anayesema haoni sababu, kama Biolojia ana 24 na Kiswahili ana 41, hayuko mbali kama anavyofikiri. Anahitaji alama sita huku na nne kule. Mchagulie masomo matatu yaliyo karibu na mpaka, muweke nguvu humo, na mwonyeshe kwenye karatasi yake mwenyewe ya utimilifu alama hizo sita zilikuwa wapi.

Mara nyingi zilikuwa kwenye kusoma swali. Mtoto anataja panapotakiwa kueleza, anaeleza vitu viwili mbalimbali panapotakiwa kutofautisha. Lugha ya mtihani ni Kiingereza na wengi wao nyumbani ni Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha, Kiswahili ndiyo lugha yao ya pili. Fanya hivi: toa swali moja tu, mwache aeleze jibu kwa Kiswahili kwa mdomo, dakika tatu. Ukisikia analijua, tatizo si Biolojia. Muandike pamoja sentensi nne za Kiingereza, fupi, moja kwa kila hoja. Maswali mawili ya namna hii kwa siku yanamfaa kuliko mtihani mzima wa saa tatu kila Jumamosi, ambao unamaliza nguvu zake na zako, na karatasi zinarudi baada ya wiki mbili akiwa ameshasahau aliandika nini.

Hapo ndipo majaribio mengi yanapoharibikia: karatasi hazirudi kwa wakati. Kama una wanafunzi sitini, usitoe zoezi ambalo huwezi kurudisha. Toa swali la nusu saa, sahihisha karatasi kumi na tano kwa siku, anza na walio chini kabisa ili wao ndio wapate siku nyingi za kurekebisha. Kwenye kila karatasi andika mambo mawili: alichokifanya vizuri, na hatua moja ya kufanya kesho. "Mchoro umeuwekea majina vizuri. Kesho niletee tofauti tatu za mshipa wa ateri na vena, kwenye jedwali." Huyo binti anayelia, mrudishie karatasi yake mkononi, imekunjwa, bila kusoma alama kwa sauti. Kusoma alama mbele ya darasa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kuachwe kabisa kipindi hiki. Wa mwisho hajifunzi chochote pale zaidi ya kutokuja kesho yake.

Kambi za kujisomea usiku zina faida kama usingizi unalindwa. Umri wao unahitaji saa nane za kulala au zaidi. Taa zizimwe saa nne usiku, kengele ya kuamka iwe saa kumi na mbili asubuhi. Kambi inayowakesha hadi saa sita na kuwaamsha saa kumi inazalisha wale wanaosinzia unaowalalamikia, na ubongo uliokosa usingizi haushiki kilichosomwa. Uji uwepo saa nne asubuhi, hata mwepesi. Joto la Oktoba Tabora unalijua, na ndoo ya lita 20 kwa watu sitini ni theluthi ya lita kwa kila mmoja, kwa hiyo ijazwe si chini ya mara tatu kwa siku.

Viboko. Kanuni zinasema ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Fimbo ya kila mwalimu mlangoni asubuhi iko nje ya kanuni, na kwa upande wa mahudhurio inaleta kinyume: aliyechelewa dakika ishirini kwa sababu ya kitalu akijua atachapwa anageuza njia, anakosa siku nzima badala ya kipindi kimoja. Mwingize darasani, kazi aliyoikosa aifanye mapumziko.

Waambie mapema pia kuhusu pepa zinazouzwa kwenye simu. Ni utapeli, na hata kukutwa na simu au karatasi kwenye chumba cha mtihani kunatosha kufuta matokeo ya mwanafunzi. Kila mwaka kuna mtoto anayetoa fedha ya nauli kwa matapeli hawa.

Kidato cha Pili wanaogopa kukariri darasa kuliko wanavyosema. Waambie waziwazi kwamba asiyefaulu kwa mara ya kwanza anarudia mwaka, hafukuzwi, na mwambie mzazi hivyo hivyo, kwa sababu kuna nyumba ambako kufeli Kidato cha Pili ndiyo ruhusa ya kumwoza binti. Aliyepata ujauzito naye ajue kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu kurudi masomoni baada ya kujifungua. Asisikie habari hiyo mtaani, aisikie kwako.

Kipindi kigumu kuliko chote hakimo kwenye swali lako: kuanzia pepa ya mwisho hadi matokeo ya Januari. Hapo wanatawanyika, wavulana mashambani na machimboni, mabinti majumbani kwa watu. Kabla ya pepa ya mwisho, kila mmoja wa Kidato cha Nne aondoke na karatasi yenye namba yake ya mtihani, namba ya simu ya shule na njia tatu zilizopo matokeo yakiwa mabaya: chuo cha ufundi VETA, chuo cha maendeleo ya wananchi, au kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwenye krediti tatu, yaani C au zaidi katika masomo matatu, aelezwe kwamba hiyo ndiyo sifa ya msingi ya Kidato cha Tano. Mahafali yafanyike kwa sare ya shule. Sare mpya na mchango wa keki huwafanya wasio na kitu wasitokee siku ambayo ungeweza kuwapa karatasi hizo.

Kwa Kidato cha Pili, andika ukurasa mmoja wa makabidhiano: nani anabeba maji ya kitalu, nani yuko geto, nani anaelewa Kiswahili akakwama kwenye Kiingereza, mzazi gani anapokea simu jioni tu. Mambo ya siri ya mtoto yasiingie humo. Mkabidhi mkononi mwalimu wa darasa wa mwakani kabla hujaanza likizo, na wale wawili watatu unaowahofia zaidi mtajie kwa mdomo, ili wiki ya kwanza ya Januari awatafute wao kwanza.