Tako la nyani au Anaconda? Nimeishi na Harrier zote mbili

Kila mwisho wa mwaka, watu wakishapiga hesabu za bonasi na vikoba, napigiwa simu ya aina moja: "Kaka, nina tako la nyani, nataka niuze niongezee hela nichukue Anaconda. Unasemaje?" Kabla ya kujibu nauliza: unaishi wapi, na sikukuu unaenda wapi? Wengine huona nawazungusha. Lakini jibu liko hapohapo, kwa sababu Anaconda si tako la nyani lililoboreshwa. Ni gari jingine lililorithi jina, na anayelinunua akitegemea kupata lilelile la zamani katika mwili mpya atalalamika wiki ya pili.

Kwa wasioishi Bongo: tako la nyani ni Toyota Harrier ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa Japani Februari 2003 na kuisha 2013. Anaconda ni ya kizazi cha tatu, iliyozinduliwa Novemba 2013 ikatoka sokoni 2020. Ile ya 2020 kuja juu siigusi leo. Bei yake bado inawahusu wenye mikataba minono.

Tuanze na ukoo. Harrier ya zamani ilikuwa Lexus RX iliyovaa jina la Toyota kwa ajili ya Wajapani. Lexus yenyewe haikuanza kuuzwa Japani hadi Agosti 2005, kwa hiyo Mjapani aliyeitaka RX alinunua Harrier. Ndiyo maana ukiingia kwenye tako la nyani unakutana na mlango mzito, ukimya wa ndani, na siti ya nyuma inayosogea kwenye reli ili anayekaa nyuma anyooshe miguu. Wale wanaobandua yule ndege wa kwenye grili na kubandika nembo ya Lexus tunawacheka, ila uongo wao si mkubwa kihivyo. Mwaka 2009 RX ikaanza kuuzwa Japani kwa jina lake. Toyota ikaendelea kuuza Harrier ya injini ya lita 2.4 kwa miaka kadhaa, na ilipoamua kutengeneza mpya ikaijenga juu ya msingi wa RAV4 ya wakati ule.

Ukizipima kwa futi, huoni tofauti. Zote zina urefu wa mita 4.7 na kidogo, upana umepungua sentimita moja tu. Namba ninayoijali mimi ni nafasi kati ya tairi la mbele na la nyuma: milimita 2,715 kwenye la zamani, 2,660 kwenye jipya. Mzee wangu, ambaye hajui hata cc ni nini, alipanda Anaconda mara ya kwanza tukaenda mpaka Chalinze, akasema, "Hili linarukaruka." Halikuwa bovu. Shokapu zilikuwa nzima, upepo wa matairi sawa. Lilikuwa gari fupi la miguu, lililokazwa zaidi ili likate kona vizuri mjini, na mgongo wa mzee ulishalizoea lile jingine.

Sasa injini, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa na yadi. Tako la nyani linaloonekana sana barabarani ni la cc 2,362 (huo ndio ukubwa wa injini), injini ya 2AZ-FE, nguvu ya farasi 160. Anaconda ya kawaida ni cc 1,986, injini ya 3ZR-FAE, farasi 151. Farasi tisa si kitu. Lakini nguvu ya kuvuta ni 221 Nm dhidi ya 193, na uzito wa magari haya haupishani sana. Ukiwa peke yako Mwenge, hapa Dar, hutaijua tofauti hiyo. Utaijua kwenye mlima Kitonga, njia ya Iringa. Weka mke, watoto wawili, bibi yao, mabegi ya sikukuu na ndoo mbili za mafuta ya kula, halafu ukutane na semi-trela inayopanda kwa mwendo wa jongoo. Tako la nyani lina gia nne tu, teknolojia ya kizamani, lakini ukikanyaga linashuka hadi gia ya pili, linaunguruma, linapita. Anaconda ina CVT, gia boksi otomatiki isiyo na hatua za gia. Ukikanyaga, mshale wa mzunguko unapanda unaganda hapo juu, injini inalia kwa sauti moja ndefu, na gari linaongeza mwendo taratibu kama halikusikia. Bibi aliniuliza kama tumeharibikiwa.

Dawa ipo, na wengi wenye Anaconda hawaitumii: sukuma mkono wa gia upande wa M kabla ya kuanza kuovateki, siyo katikati. Gari linaigiza gia saba, unachagua ya chini, linajiandaa mapema. Na ukishuka Kitonga au milima ya Lushoto fanya vivyo hivyo. Ukiliacha kwenye D na kukanyaga breki mlima mzima, utafika chini unanusa pedi zinaungua.

Kama nguvu ndiyo inayokukera, kuna Anaconda ya turbo iliyokuja na maboresho ya Juni 2017, farasi 231, gia sita za kawaida badala ya CVT. Hiyo inaruka. Ila imetengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, na bei yake ya kuagiza si ya mchezo. Hybrid, inayotumia petroli na umeme, nayo ipo, ya lita 2.5, nzuri sana kwenye foleni. Kwa wanaokaa vumbini nina neno moja tu: betri yake hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayoingia kupitia tundu lililo karibu na siti ya nyuma. Tundu hilo likizibwa na vumbi, nywele za mbwa au mfuko wa Rambo, betri inapata joto. Muulize anayekuuzia mara ya mwisho lilisafishwa lini. Akikushangaa, umeshapata jibu.

Mjini Anaconda inashinda, tena kwa mbali. Foleni ya Morogoro Road jioni, unabonyeza kitufe cha kushikilia breki, unatoa mguu, gari linasimama lenyewe mpaka ukanyage mafuta. Kwenye tako la nyani breki ya mkono ni ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto, na kwenye foleni mguu wa kulia unabaki juu ya breki muda wote. Mafuta: tako la nyani langu mjini lilinipa kilomita 7 hadi 8 kwa lita, nikiwa mpole. Anaconda inanipa 10, na safari ndefu inafika 13. Kwa anayetoka Mbweni kwenda Posta kila siku, tofauti hiyo inalipa ada ya chekechea. Usalama nao haulingani. Anaconda zote zilikuja na mifuko saba ya hewa na mfumo wa kuzuia gari kuteleza, na za kuanzia Juni 2017 zina kamera na rada ya kukuonya na kukusaidia kufunga breki. Ukiwa na mtoto mdogo, ndoano za ISOFIX za kufungia siti yake zitakuondolea vita ya mikanda kila asubuhi.

Kinachoniudhi kwenye Anaconda ni kitu kidogo: kiyoyozi. Vitufe vyake ni vya kugusa kama simu. Kwenye lami ni vizuri kuangalia. Kwenye barabara ya Goba enzi za mashimo, unataka kupunguza baridi, gari linaruka, kidole kinawasha joto. Tako la nyani lina vitufe vya kubonyeza, unavijua kwa vidole bila kutazama.

Kuhusu ubovu, kila gari lina ugonjwa wake na usikubali anayekwambia Toyota haifi. 2AZ-FE inajulikana kwa mambo mawili: zile za miaka ya mwanzo huchoka nyuzi za bolti zinazoshika silinda hedi kwenye bloki, gari likaanza kupoteza maji na kuchemsha, na za baadaye hula oili. Kwa hiyo nenda kulikagua asubuhi, kabla mwenyewe hajaliwasha. Fungua rejeta likiwa la baridi, angalia kiwango na rangi ya maji. Chomoa kijiti cha oili. Kisha mwombe mtu aliwashe huku wewe umesimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu, hata wa sekunde chache, ni pesa yako inayoungua. Ukikuta injini imeshawashwa "ili ipate moto kidogo" kabla hujafika, agana naye kwa heshima.

Usivutwe na ya V6. Ile ya 3.0 ina sauti tamu na farasi 220, lakini inatumia mkanda wa timing, ambao lazima ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi, na plagi tatu za nyuma zimejificha kiasi kwamba fundi anafungua manifoldi ya hewa ndipo azifikie. Muuzaji wa namba C (gari lililosajiliwa nchini siku nyingi) asiye na risiti ya mkanda huo anakuuzia bahati nasibu. Na kama ni toleo la AIRS, lina springi za upepo. Zikichoka, gari linalala kama limechinjwa.

Anaconda ugonjwa wake mkubwa ni uzembe wa mafuta ya gia. CVT haitaki ATF, yale mafuta ya kawaida ya gia boksi za otomatiki. Inataka mafuta ya CVT yanayolingana na gia boksi hiyo, na kwa joto letu na foleni zetu mimi nabadilisha kila kilomita 40,000. Fundi mmoja wa mtaani aliwahi kuniambia niweke ATF yoyote, "yote mafuta tu, bosi". Nilishusha boneti nikaondoka. Ukilijaribu kabla ya kununua, litoe D uliweke R mara kadhaa huku umekanyaga breki: likichelewa kuitika au likipiga teke, acha. Liendeshe pia polepole, kilomita 20 hadi 40 kwa saa, vioo vimefungwa na redio imezimwa. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka kufuatana na mwendo si wa matairi.

Vipuri usiogope kwa lolote. 2AZ iko kwenye Alphard, Estima, Ipsum, Kluger na RAV4, na bodi la tako la nyani linaazima vitu kwa Lexus RX. 3ZR iko kwenye Noah na Voxy, kwa hiyo kwenye maduka ya vipuri Gerezani hawakuulizi mara mbili. Taa na bampa za Anaconda ndizo zenye bei ya kukuchanganya, hasa za baada ya 2017. Bima kubwa siyo anasa hapo.

Kodi sasa. Ukitaka kuagiza kutoka Japani, tako la nyani lisahau. Ushuru wa bidhaa Tanzania ni asilimia 5 kwa gari la cc 1,001 hadi 2,000, na 10 likizidi hapo, halafu kuna nyongeza ya uchakavu ya asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na 30 kwa lililovuka 10. Tako la nyani linapigwa juu na chini. Anaconda kwa cc zake 1,986 inapenya kwenye kundi la chini, lakini za 2014 nazo zimeshazeeka kwenye hesabu hiyo, na mara nyingi ya mwaka wa mbele kidogo inakutoka kwa bei inayokaribiana na ya nyuma. Ingiza namba kwenye kikokotoo cha TRA, Mamlaka ya Mapato, kabla hujatuma hata dola moja. Ndugu zetu wa Kenya hawana hata mjadala, sheria yao ya miaka minane imelifungia tako la nyani nje ya bandari zamani.

Kwa hiyo huyu wa kwenye simu mimi humwambia hivi. Kama uko Makongo au Kinyerezi, watoto wanakwenda shule kwa gari, na safari ndefu ni mara chache (tangu treni ya SGR ianze 2024 mimi Dodoma siendi na gari tena), uza, chukua Anaconda, ila bakiza hela ya mafuta ya gia na matairi. Lakini kama kwenu ni Njombe, Mbulu au Lushoto ndani, unabeba watu watano na gunia, na tako lako la nyani halili oili wala halipotezi maji, basi umelikamata. Badilisha bushi na shokapu, shona siti, weka redio mpya inayoshika masafa yetu yote, uendelee. Gari zima unalolijua historia yake halipatikani yadi kwa hela yoyote, na hiyo nyongeza uliyotaka kuitoa inaezeka nyumba.

Na ukishachukua Anaconda, kabla ya kuipeleka kanisani au msikitini watu waione, pitia kwa wale vijana wanaochonga namba kwenye vioo. Saiti mira zake zina soko usiku.