Mleta uzi, ficha hizo mausi kwanza

Nimesoma una kompyuta 15 kwa watoto 45 na unauliza utumie programu ipi kufundishia hesabu, nikafika pale ulipoandika "muhula huu nawaachia kompyuta wajigundulie hesabu wenyewe, mimi nitakuwa napita tu kuangalia" nikashika kichwa. Usifanye hivyo. Nilishafanya, muhula mzima, na hadi leo nikiona projekta naona aibu.

Aliyeniingiza mkenge ni mwezeshaji mmoja wa semina, suti kali, slaidi zinameremeta, akatuambia mwalimu wa kisasa hafundishi, anakaa pembeni mtoto avumbue. Jamaa sidhani kama amewahi kufungiwa chumba kimoja na watoto 45 baada ya saa sita mchana. Ndiye aliyetupa na ile fomula ya n² + n + 41. Unaiweka kwenye Excel, n ikiwa 0 unapata 41, ikiwa 1 unapata 43, halafu 47, 53, 61, zote namba tasa. Watoto wangu wakaburuta mpaka n = 30 wakapata 971, tasa tena, darasa likalipuka kwa shangwe na mimi (msinicheke) nikalipuka nao, nikawaambia mmegundua kanuni. Kanuni! Kwa mdomo wangu huu huu.

Basi nikaona kuaibika darasani hakutoshi, nikaipeleka siku ya wazazi. Bango kubwa, binti yangu mmoja mkali sana wa hesabu kasimama mbele anaeleza kwamba fomula hii inatoa namba tasa siku zote, makofi. Mzee mmoja kule nyuma, hana kalamu hana simu, akanyoosha mkono akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, ukiweka 41 hapo, si kila kipande kinagawanyika kwa 41?" Ukumbi kimya. 41 mara 41, jumlisha 41, jumlisha 41 tena, hiyo ni 41 mara 43 jamani, haihitaji kompyuta, haihitaji hata umeme. Na inakufa hata kabla ya hapo, n = 40 inaleta 1681 ambayo ni 41 mara 41, yaani tungeburuta mistari kumi tu zaidi. Lakini mistari kumi siyo kesi. Kesi ni kwamba muhula mzima hakuna mtu aliyeuliza KWA NINI ziwe tasa, na wa kwanza kutouliza ni mimi mwenye cheti ukutani.

Yule binti hakuiangalia skrini, aligeuka akaniangalia mimi. Mpaka shule inafungwa hakunyoosha tena mkono. Hiyo ndiyo gharama ninayokwambia, na kwenye slaidi za yule bwana haikuwepo.

Mtihani nao ukaja kunimalizia. Thibitisha kwamba pembe za ndani za pembetatu jumla yake ni 180, nusu ya darasa wameandika "tulivuta kona kwenye skrini tukaona jumla haibadiliki". Mmoja mkweli kabisa kaandika jumla ni 179.99, maana programu ilikuwa inakadiria desimali mbili, 33.33 na 73.33 na 73.33. Niliinua kalamu nyekundu nikaishusha, mtoto kaandika alichokiona.

Sasa kwangu sheria ni moja: hakuna kugusa mausi kabla hujaandika daftarini, kwa peni isiyofutika, unategemea kuona nini na kwa nini. Wananung'unika, waache wanung'unike. Chukua y = x² + bx + 3, waulize b ikiongezeka grafu itaenda wapi, karibu wote wataandika kulia au kushoto tu. Ndipo wavute b waone kipeo (ile ncha ya chini kabisa ya grafu) kinapanda na kushuka pia, kinafuata njia ya parabola nyingine iliyopinduka, y = 3 - x². Hapo utasikia "aah, subiri kwanza!" na wanarudi kwenye daftari wenyewe kutafuta kosa, hujamwambia mtu. Bila ule utabiri wangeona mchoro unacheza, wakacheka, kengele ikalia.

Programu ipi sijui, GeoGebra ni ya bure inatosha, mengine uliyouliza yamenitoka kwa hasira. Ila hizo kompyuta 15 kwa watoto 45 wala zisikutishe, waweke watatu watatu, mmoja mausi, mmoja peni, wa tatu kazi yake kubisha tu.