Kabla ya kwenda kujitolea ng'ambo: ushauri kwa muuguzi mchanga wa Kisumu na Magharibi

Kama una hamu ya kwenda kujitolea Sudan Kusini au mashariki mwa Congo, tafuta kwanza nafasi hapa Kenya kwenye vituo vya mbali: kisiwani Mfangano katika Ziwa Victoria, Budalangi, au ndani kabisa West Pokot. Sifanyi mzaha. Muuguzi aliyezoea hospitali kubwa ya rufaa, kama ile ya Kisumu tunayoiita Russia, anajua kwamba damu ikihitajika kuna maabara, na mgonjwa akizidiwa kuna daktari wa zamu wa kupigiwa simu. Mfangano, mama anayevuja damu usiku baada ya kujifungua anasubiri boti, na boti inasubiri ziwa litulie. Muda huo wote ni wewe na yeye. Huko unakotaka kwenda mambo ni hayo hayo, ila boti inakuwa ndege ndogo na ziwa linakuwa uwanja wa udongo uliojaa maji ya mvua.

Mashirika mengi makubwa hutaka angalau miaka 2 ya kazi baada ya kuhitimu. Vijana waliotoka juzi KMTC, chuo chetu cha mafunzo ya tiba, hulalamika kwamba wanacheleweshwa. Mimi naona hiyo miaka ni michache, hasa ukiitumia yote kwenye wodi moja.

Chukua jambo dogo kama dripu. Mashine ya kuihesabu huenda usiikute, kwa hiyo nunua saa ya mkono yenye mshale wa sekunde na ujizoeze mpaka hesabu ikutoke bila karatasi. Seti ya mtu mzima mara nyingi hutoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo lita moja ya saa 8 ni kama matone 42 kwa dakika. Soma pakiti kwanza, maana zipo za matone 15. Ile ya watoto ya matone 60 ni rahisi kuliko zote: idadi ya matone kwa dakika ndiyo mililita kwa saa. Ukishaweka, rudi baada ya robo saa uhesabu tena. Mtoto akigeuka kitandani, kasi inabadilika.

Au chukua atesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, utakayoichanganya kila siku msimu wa mvua. Chupa ya miligramu 60 unaiyeyusha kwa mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nayo, unatikisa mpaka iwe safi, kisha unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi ikiwa ni ya mshipa, au 2 ikiwa ni ya msuli. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 8 anapata miligramu 24, yaani mililita 2.4 za mshipa. Anarudia saa 12 na saa 24 baada ya dozi ya kwanza. Ukishachanganya, tumia ndani ya saa moja, kinachobaki kimwage. Muuguzi wa Ahero au Siaya haya anayafanya akiongea na mama wa mtoto. Wa Nakuru mjini anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuigusa hiyo chupa, na ndiyo sababu namwambia ateremke huku ziwani akae nasi kidogo.

Utapiamlo ndio unaowashika wengi bila habari. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono unaujua: chini ya sentimita 11.5, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, ni utapiamlo mkali. Tatizo ni mkono uliozoea kutundika dripu kila ukiona mtoto amelegea. Moyo wa mtoto huyu hauwezi kubeba maji ya haraka. Kama hayuko kwenye mshtuko, yaani damu kushindwa kuzunguka vizuri mwilini, mpe ya mdomoni, kidogo kidogo, huku ukihesabu pumzi na mapigo. Anza na F-75, maziwa mepesi ya kuanzia matibabu, wala usikimbilie kumshibisha.

Na urudi wodi ya wazazi, hata kama uliikimbia tangu chuoni. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na friji za huko zina siku zake, kwa hiyo ujue pia kutumia misoprosto, isiyohitaji friji.

Sasa tabia. Sisi wa upande huu tuna faida ambayo wageni wengi hawana: tumewahi kuwa wenyeji. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) waliingia Homa Bay mwaka 1996, na watu wa kujitolea kutoka ng'ambo wamepita kwenye wodi zetu tangu hapo na kabla ya hapo. Keti na sista yeyote aliyekaribia kustaafu umuulize habari zao. Atakwambia bila kusita nani alisaidia na nani alikuja kupiga picha. Aliyesaidia aliuliza faili zinawekwa wapi, akaingia zamu ya usiku kama wengine. Aliyechosha alipanga upya kabati la dawa siku ya pili, akaondoka kabla mtu hajajua paracetamol imehamia wapi. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini mwenyeji ndiye anayebaki na wagonjwa. Utakutana na msaidizi asiye na cheti kama chako ambaye ametibu kipindupindu mara nyingi kuliko mwalimu wako. Mwite kaka au dada, na umuulize kabla hujamwelekeza.

Lugha pia. Kiswahili kitakusaidia Goma na Bunia, kule Congo, ila kumbukumbu za wagonjwa zinaandikwa kwa Kifaransa. Juba utahitaji Kiarabu cha mtaani. Wajaluo wenzangu hudhani wataelewana na kila mtu wa Sudan Kusini. Na Mwacholi utasikizana naye, lakini kwa Mdinka utatafuta mkalimani kama Mluhya yeyote.

Makaratasi hayahitaji maneno mengi. Hakikisha leseni yako ya Baraza la Wauguzi haiishi ukiwa huko, na uombe mapema barua ya kuthibitisha sifa zako. Kujitolea hakukuondolei wajibu wa kibali cha kufanya kazi katika nchi uendayo, kwa hiyo uliza nani anakishughulikia. Uliza pia kwa maandishi bima ni ya nani, na nani atalipa ndege ukiugua. Uliza dawa za kuzuia HIV baada ya kuchomwa na sindano zinawekwa wapi, maana zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Na anayekuomba ada ya usajili kwa M-Pesa ili akupeleke kujitolea, mkatie simu.

Chanjo zinataka kalenda. Homa ya ini aina ya B ni sindano 3: ya kwanza, ya mwezi mmoja baadaye, na ya miezi 6. Ukianza wiki ya safari umechelewa. Kadi ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 inatambulika kwa maisha yote, hata kama ya zamani imeandikwa miaka 10.

Nyumbani, wapashe mapema. Ukisema unaenda ng'ambo, shangazi na binamu wanasikia dola. Waambie wazi kwamba Juba si majuu, na posho ya kujitolea haijengi nyumba. Kama una mkopo wa sako au unalipia mdogo wako karo, panga hayo kabla ya kuomba likizo bila malipo, na barua ya likizo iwe imetiwa sahihi kabla ya kukata tiketi.

Kuhusu malaria, usijidanganye kwamba mtu wa ziwani ana kinga. Kinga hiyo si kamili, na hupungua ukikaa miaka ya chuo Nakuru au Nairobi. Lala ndani ya neti na unywe dawa ya kuzuia. Kama ni doksisaikilini, inaendelea wiki 4 baada ya kutoka. Na ukirudi, homa ikikushika hata miezi kadhaa baadaye, mwambie anayekutibu ulikuwa wapi. Hapa kwetu kila homa huitwa malaria kwanza, na aliyekaa Jonglei au Upper Nile, kule Sudan Kusini, akiwa na homa isiyoisha na wengu uliovimba anapaswa kupimwa kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi. Hospitali ya Kacheliba, West Pokot, wanaujua ugonjwa huo vizuri.