Maswali na Majibu: Zabuni za Mashirika ya Jamii, Arusha na Moshi

Maswali kuhusu zabuni yamekuwa mengi kutoka kwa mashirika na vikundi vya kanda hii, na mengi yanafanana. Nimechagua sita. Nimewahi kuandika zabuni na nimewahi kuwa mtathmini, na nasikitika kila ninapoona shirika linaloijua kazi yake vizuri likikosa kwa sababu tu andiko halikuonyesha hivyo.

Tuko Usa River. Tumepewa kitabu cha zabuni cha kurasa 60 na siku 14 za kuandika. Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye vigezo vya tathmini na jedwali la alama, kabla hata ya hadidu za rejea (maelezo ya kazi inayotakiwa). Kama mbinu za utekelezaji zina alama 40, wataalamu 30, uzoefu 20 na mpango kazi 10, hapo mmeshajua kurasa zenu ziende wapi. Nimesoma maandiko yenye kurasa tisa za historia ya shirika, tangu waasisi walipokutana, halafu ukurasa mmoja na nusu wa mbinu. Mtathmini anaweza kuwafahamu na kuwaamini, lakini alama anatoa kwa kilichoandikwa. Kwa hiyo tumieni vichwa vilevile vya vigezo, kwa mpangilio uleule. Kigezo kikisema "uzoefu wa kazi zinazofanana", maneno hayo ayakute kwenye andiko lenu bila kupekua.

Siku mbili za kwanza ziwe za kusoma na kuuliza. Vitabu vingi vya zabuni vina tarehe ya mwisho ya kuomba ufafanuzi, na hufika mapema kuliko watu wanavyotegemea. Hadidu zikisema "wananchi wa wilaya" bila kutaja kata, ulizeni kwa maandishi. Siku mbili za mwisho msiandike jambo jipya, kagueni tu. Na kama ni zabuni ya serikali kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, saa ikifika mfumo unafunga, umeme uwepo usiwepo.

Tuliandika kurasa nne kuhusu ukame na umaskini Longido, tukakosa. Tulikosea wapi?

Anayetangaza kazi ya Longido anajua kuna ukame, ndiyo maana ametenga fedha. Anataka kujua ninyi mtafanyaje. Angalieni sentensi hii, ambayo nimekutana nayo kwa sura nyingi: "Tutatoa mafunzo shirikishi kwa wanawake 200 kwa kuzingatia usawa wa kijinsia." Haina kosa, lakini ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, popote.

Sasa linganisheni na hii: "Wanawake 200 watafunzwa katika makundi manane ya watu 25. Kila kundi litakuwa na vipindi sita vya saa mbili, alasiri, baada ya maji kuchotwa na kabla mifugo haijarudi bomani. Siku ya mnada hakutakuwa na kipindi. Wawezeshaji wote wawili wanazungumza Kimaasai na mmoja ni mwanamke. Ratiba itamfikia mwenyekiti wa kitongoji wiki moja kabla." Hapo mtathmini anaona watu waliokwisha kukaa na jamii ile. Kuna namba za kukagua, na kila kitu kinaweza kuingia kwenye bajeti.

Ndivyo ilivyo hata upande wa Kilimanjaro. Masika ya Machi hadi Mei barabara za udongo za mlimani huteleza, na msimu wa kuchuma kahawa akina mama wako shambani. Mpango kazi unaoweka mafunzo makubwa Kibosho mwezi Aprili unampa mtathmini sababu ya kujiuliza kama mwandishi amewahi kupanda kule.

Ni kweli mwenye bei ya chini ndiye anayeshinda? (Msomaji, Himo)

Inategemea uwiano wa alama, na uwiano huo huandikwa kwenye kitabu. Fanyeni hesabu kabla ya kupanga bei. Tuseme ubora una asilimia 70 na bei 30. Shirika la kwanza limepata 85 kwenye ubora, bei yake shilingi milioni 40. La pili limepata 75, bei milioni 30. Kwa kanuni inayotumika sana, bei ya chini hupata 100, na nyingine hupata sehemu yake: 30 gawanya kwa 40, mara 100, yaani 75. La kwanza linapata 59.5 (asilimia 70 ya 85) na 22.5 (asilimia 30 ya 75), jumla 82. La pili linapata 52.5 na 30, jumla 82.5. Nusu alama imeamua. Badilisheni uwiano uwe 80 kwa 20, la kwanza linashinda kwa 83 dhidi ya 80.

Lakini msishushe bei kwa kusahau gharama halisi. Wekeni mchango wa NSSF wa waajiriwa, nauli, chakula cha washiriki na muda wa mhasibu. Someni kama bei inatakiwa iwe pamoja na VAT ya asilimia 18, na kumbukeni kodi ya zuio ya asilimia 5 hukatwa kwenye malipo ya huduma za kitaalamu. Shirika lililoshinda kwa bei isiyotekelezeka huwaumiza walengwa kwanza, kwa sababu safari za kijijini ndizo hukatwa.

Tunaweza kuweka wasifu wa mtaalamu ambaye hatujaongea naye bado?

Hapana. Mpigieni, apate hadidu, akubali siku zake, asaini. Taarifa za uongo kwenye zabuni ya umma zinaweza kufanya mfungiwe kushiriki.

Kikundi chetu cha wanawake, Pasua, si NGO. Tuna nafasi?

Mnayo. Taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa manispaa mkaulizie utaratibu wa kikundi kuingizwa kwenye NeST, mkiwa na cheti cha kikundi, katiba, TIN na akaunti ya benki. Anzeni na kazi mnayoiweza leo, kama kushona sare au chakula cha mikutano. Mkimaliza, ombeni barua ya kuthibitisha kwamba kazi imekamilika vizuri, maana barua hiyo ndiyo uzoefu mtakaouonyesha zabuni ijayo.

Tumekosa mara kadhaa na hakuna anayetuambia kwa nini. Tufanyeje? (Ngaramtoni)

Kwenye ununuzi wa umma, wazabuni hupewa notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani taarifa ya nani anakusudiwa kupewa kazi, kabla mkataba haujasainiwa, na kipindi hicho ndicho cha kuuliza sababu au kulalamika. Muda wake ni mfupi, hivyo isomeni siku ileile. Kwa mashirika binafsi na wafadhili, andikeni barua pepe fupi na ya heshima: "Tunaomba kujua alama zetu kwa kila kigezo." Msibishane na majibu. Chukueni alama hizo, ziwekeni kando ya andiko lenu, na tafuteni ukurasa ambao kila alama ilipotelea.