Walihamia, walihamishwa au walihamishiwa?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu Marekani ilivyojipanua kuelekea magharibi katika karne ya 19. Niliandika: "Mwaka 1838 Wacherokee walihamia Oklahoma." Mwenzangu akafuta, akaweka "walihamishwa Oklahoma". Nani yuko sahihi?

JIBU: Hakuna, ila mwenzako amekaribia zaidi.

Ukisema watu wamehamia mahali, umewafanya wao wenyewe ndio watenda: wamefunga mizigo, wameondoka. Wapo Wacherokee, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, wanaostahili kitenzi hicho. Miaka mingi kabla ya 1838 baadhi yao walivuka mto Mississippi wakaenda kuishi Arkansas, na hata kama shinikizo la walowezi liliwasukuma, hao walihamia. Habari ya 1838 ni nyingine kabisa. Rais Andrew Jackson alikuwa ametia saini sheria ya kuwaondoa wenyeji mwaka 1830. Mkataba wa New Echota wa 1835 ulitiwa saini na kikundi kidogo bila idhini ya chifu mkuu John Ross, na Seneti ikauridhia kwa theluthi mbili zilizohitajika, ambapo kura moja pungufu ingeuangusha. Wengi walipokataa kuondoka, Jenerali Winfield Scott alifika na askari wapatao 7,000. Watu wakatolewa majumbani, wakarundikwa kambini. Walioondolewa ni takriban 16,000, na inakadiriwa kwamba 4,000 walifia kambini na njiani. "Walihamia" yako inamfuta yule askari mlangoni.

Kosa la mwenzako ni la kisarufi. Mtumishi akikwambia "nimehamishwa Mwanza", utamuuliza: umetolewa huko au umepelekwa huko? Kiambishi -i- ndicho kinachomaliza utata: hamisha, hamishia, hamishiwa. Basi Wacherokee walihamishwa kutoka Georgia na majimbo jirani, wakahamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. (Hilo "ambalo leo ni" usiliache, maana jimbo lenyewe lilianzishwa mwaka 1907.)

Hata hivyo, "hamishiwa" peke yake ina harufu ya ofisi. Mwalimu naye huhamishiwa shule nyingine, tena hudai posho ya uhamisho. Kwa hiyo mtaje mtenda na utaje nguvu iliyotumika: "Mwaka 1838 jeshi la Marekani liliwafurusha Wacherokee makwao na kuwahamishia kwa nguvu eneo ambalo leo ni Oklahoma." Ni ndefu kuliko yako, lakini msomaji hatauliza nani alimfanya nani nini.

"Walihamia" yako usiitupe; wapelekee walowezi. Georgia iligawa ardhi ya Wacherokee kwa bahati nasibu mwaka 1832, Wacherokee wenyewe wakiwa bado wanaishi juu yake, na walioshinda ndio waliohamia. Waliobaki huko moja kwa moja unaweza kusema walilowea, kwani kitenzi hicho ndicho kilichotupa neno "walowezi".

Ukifika kwa Wanavajo, kabila jingine la wenyeji, angalia tena. Mwaka 1864 jeshi liliwaswaga kwa miguu hadi Bosque Redondo, New Mexico. Mwaka 1868 mkataba ukawaruhusu kurudi katika sehemu ya nchi yao. Hapo usiandike "wakahamia" wala "wakahamishiwa". Mtu harudi kwao kwa kuhamia: andika "wakarejea".