Karatasi yenye muhuri wa SIRI

Wadogo zangu mnaoanza kuandika habari hapa Arusha, iko karatasi itakayowafuata siku moja bila kuitafuta. Yangu ilinikuta mwaka wangu wa pili kazini, kwa mama ntilie (mtaa siutaji), imekunjwa ndani ya gazeti la jana nililopewa na mtu. Barua ya ofisi, juu ina muhuri wa SIRI. Nikaipiga picha palepale, nikaacha wali maharage unapoa, mbio chumba cha habari.

Mhariri wetu wala hakuisoma. Aliangalia pembeni mwa karatasi.

"Hii namba ya kalamu nyekundu ni ya nini?"

Sikujua. Ilikuwa namba ya folio, anayoandika karani wa masjala karatasi inapoingia kwenye faili. Chini yake palikuwa na mwandiko wa mtu, maneno matatu tu. Mzee akaniambia: "Ukiichapa hivi, kesho wanauliza faili lilikuwa meza ya nani. Umeshamuuza mwenzio."

Mimi nilikuwa najiogopea mwenyewe tu.

Na kujiogopea nako kuna sababu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haimwangalii mtumishi aliyeitoa peke yake. Kumpa mtu mwingine habari ya siri bila idhini kunaweza kukufikisha miaka 20 jela. Kwa hiyo ile tabia ya kuitupia picha kwenye grupu la WhatsApp, "wakuu, hii imekaaje?", acheni kabisa. Hapo umeshaisambaza kabla hata ya kuandika aya moja.

Vijana hupenda kunitajia Marekani. Kweli, mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya kule iliwaruhusu New York Times na Washington Post kuendelea kuchapa nyaraka za vita vya Vietnam. Lakini ilikataa tu kuwazuia wasichape. Haikuwaahidi kwamba hawatashtakiwa baadaye. Daniel Ellsberg, aliyezitoa, alishtakiwa, na kesi ikafutwa mwaka 1973 kwa sababu ya vituko vya serikali yenyewe. Julian Assange, mwanzilishi wa tovuti ya WikiLeaks iliyochapa siri za Marekani, naye alifunguliwa mashtaka 18, mengi yakiwa ya sheria ya ujasusi ya mwaka 1917. Alikaa gereza la Belmarsh, London, miaka mitano na ushee, hadi alipokiri kosa moja mwaka 2024.

Hapa mjini tunayo Mahakama ya Afrika Mashariki. Nendeni mkakae viti vya nyuma, msikilize. Mwaka 2015, kwenye kesi ya waandishi wa Burundi, ilikataa kifungu kilichowalazimisha kutaja vyanzo vyao: siri za serikali zitafutiwe sheria nyingine, mwandishi asibanwe. Hukumu tamu hiyo. Ila askari anayekuhoji saa tano usiku hatembei na nakala yake.

Ile barua hatukuichapa. Ilitueleza tu pa kuchimba. Wiki tatu nilishinda kwenye matangazo ya zabuni yaliyobandikwa wazi, nikapiga simu mpaka sikio likauma, habari ikatoka bila kutaja barua yoyote. Picha niliifuta.

Aliyenipa bado namwona sokoni, na soko nalo silitaji. Tunasalimiana kama wateja wawili wa nyanya, kila mtu anaondoka na mfuko wake.