Wakili, usiisubiri siku ya 90

Mawakili wengi ninaokutana nao kwenye korido za mahakama wanaulalamikia mfumo wa kufungua mashauri kwa mtandao: umegoma, unazunguka tu, kontroli namba ya kulipia ada ya mahakama haitoki. Wana haki. Lakini tangu tuache kupanga foleni na mafaili dirishani, wenzangu niliowaona wakiumia, wengi waliumia kwa kukosa cha kumwonyesha jaji baada ya mfumo kugoma.

Tuanze na muda. Hapa Tanzania, Kanuni za mwaka 2018 za kufungua mashauri kwa mtandao, Tangazo la Serikali Na. 148, zilisema waraka utahesabiwa umewasilishwa ukiingia kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku wa siku hiyo, ilimradi mahakama haijapanga saa nyingine wala haijaukataa. Kijana aliyeapishwa juzi akifika hapo anapumua: kumbe nina mpaka usiku! Polepole. Upo msimamo wa zamani kwamba shauri limefunguliwa pale ada ilipolipwa, na wapo wanaoutumia kuandikia pingamizi la awali, yaani kuomba shauri litupwe kabla halijasikilizwa. Majaji nao hawajawa na kauli moja juu ya hilo.

Yalishatukuta. Rufaa ambayo sheria imeipa siku 90 kufunguliwa, mteja kaleta pesa jioni ya siku ya mwisho. Nyaraka ziliingia kabla ya saa nne usiku, kontroli namba ikatoka kesho yake asubuhi, tukalipa papo hapo. Upande wa pili ukaja na hesabu zake: mmechelewa siku moja. Tulikuwa na picha ya skrini yenye tarehe na saa, ujumbe wa mfumo kwamba nyaraka zimepokelewa, na barua pepe tuliyomwandikia msajili usiku uleule tukiulizia kontroli namba. Vyote tukaviambatisha kwenye kiapo cha maandishi. Pingamizi likatupwa. Bila hivyo ningebaki kujieleza kwa mdomo, na maneno ya wakili aliyesimama mbele ya jaji si ushahidi.

Mfumo ukigoma kweli, usilale. Kanuni ya 24 ilitenganisha muda uliopangwa na mahakama na muda uliowekwa na sheria. Ule wa mahakama, unamwendea msajili au hakimu mfawidhi kwa ombi lisilo rasmi, kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Ule wa sheria unadai maombi rasmi, na hapo jiandae kueleza kila siku uliyochelewa. Isome kanuni mwenyewe pamoja na mabadiliko yoyote yaliyofuata, maana kwenye magrupu ya WhatsApp kila mtu ni jaji.

Asubuhi baada ya kuwasilisha, ingia tena. Waraka unaweza kurudishwa kwa sababu ya masjala isiyo sahihi au kurasa zisizosomeka, na usipoangalia utaamini umefungua rufaa ambayo haipo.

Halafu kuna hili la karani kushika nywila ya wakili. Najua kwa nini tunafanya hivyo. Nani ana muda wa kuskani kurasa mia mbili? Aandae, apange, apandishe. Kitufe cha mwisho bonyeza wewe, baada ya kufungua kila faili. Nimeshakuta kiapo kimepandishwa ile rasimu ya kwenye kompyuta, mahali na tarehe ya kuapa pakiwa wazi, huku kilicho na muhuri wa kamishna wa viapo kimelala mezani. Kiapo cha namna hiyo ni vigumu kukiokoa. Na karani akiacha kazi, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo, hata kama mmeagana kwa soda na keki. Kinachoingia kwa akaunti yako ni chako, na mbele ya Kamati ya Mawakili, inayoshughulikia nidhamu yetu, hakuna atakayemwita karani.

Kuhusu mteja, mwandikie siku ya kwanza anapokupa kazi kwamba ada ya mahakama iwe imefika siku kumi kabla ya ukomo. Atakayekuja jioni ya mwisho apewe barua inayoeleza hatari hiyo, aisaini kabla hamjagusa kompyuta.